Ulimi wa Serahangi Savely

Savely Prokopich Gurin alipanda meli ya kuvunja barafu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa, begi moja mkononi, na miguuni buti za marehemu baba yake zilizompwaya. Alipofikisha sitini na mmoja alikuwa serahangi wa meli Zarnitsa, mkuu wa mabaharia wote wa sitaha, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kiangazi hata kimoja nchi kavu. Likizo yake ilikuwa ya majira ya baridi, pale Murmansk, mji wa bandari, ghorofa ya tano, akitazama mpira kwenye televisheni na kugombana na dada yake kwa simu. Hayo aliyamudu. Ila Julai isiyo na barafu hakuijua ilivyo, wala hakutaka kuijua. Mkewe alikwisha kufa, na hakubahatika kupata mtoto. Meli ndiyo ilikuwa nyumba, na ile ghorofa ya tano ilikuwa mahali pa kusubiri.

Zarnitsa ilifungulia njia meli za mizigo miezi ya giza, na kiangazi ikapeleka watalii Ncha ya Kaskazini, mia moja na ishirini kila safari, wengi wao wastaafu waliovaa makoti mekundu waliyogawiwa bandarini. Siku tano za kwenda, injini ya nyuklia ikinguruma chini na barafu ikipasuka chini ya omo, pua ya meli, kama sahani zinazovunjwa na mtu asiye na haraka. Wakifika wanashuka, wanashikana mikono na kuzunguka duara, wanachoma nyama, na wachache wenye vichwa vigumu wanajitupa majini wakiwa wamefungwa kamba kiunoni.

Kabla hajashuka hata mmoja wao, anashuka serahangi peke yake na keekee yake ndefu, kutoboa barafu na kupima unene wake. Unene peke yake hautoshi. Barafu changa ina tabia ya kusukumwa na upepo, pande likapanda juu ya pande, yakagandana. Ukitoboa unapata mita tatu, unafurahi, kumbe katikati kuna maji na mshikamano ni wa kukopa. Barafu ya zamani, iliyovuka viangazi kadhaa, ni jiwe. Tofauti yake inajulikana mdomoni. Ya zamani chumvi yake imeshachuruzika yote, imebaki tamu, unaweza kuichemshia chai. Changa bado ina bahari ndani yake. Kwa hiyo serahangi hutoa kipande kilichotoka chini kabisa ya tundu, hukiweka ulimini, hutema, na kama ni tamu hunyanyua mkono wa kulia. Hapo ndipo ngazi ya abiria hushushwa. Vipimo vya umeme vililetwa zamani, vikaharibiwa na baridi, vikasahauliwa kabatini. Ulimi wa Savely ulikuwa haujawahi kukosea.

Januari ya mwaka ule akashikwa na homa, siku tisa kitandani. Alipoinuka, chai ilikuwa maji ya moto na samaki alikuwa karatasi. Daktari akamwambia ladha itarudi. Akasubiri. Machi ikapita, Mei ikapita, na kwenye fomu ya afya ya msimu mpya hapakuwa na swali lolote kuhusu ulimi. Savely akatia sahihi.

Aliyemgundua ni Rimma Arkadyevna, mpishi mkuu, mwanamke mpana wa miaka hamsini ambaye walisafiri pamoja kwa miaka kumi na mmoja. Siku ya tatu ya safari ile ya Julai alimwekea bakuli la supu ya kabichi mwenyewe, akasimama huku amejishika kiuno.

"Ikoje?"

"Nzuri. Siku hizi unapika."

"Nikuongezee?"

"Niongezee."

Rimma akavuta kiti akakaa. "Nimetia vijiko vinne vya chumvi humo, bakuli lako tu. Fundi mitambo angeitupa baharini, na mimi pamoja nayo."

Savely aliweka kijiko chini polepole.

"Miaka kumi na mmoja unanitukania chakula," Rimma akaendelea. "Kabichi yangu ilikufa kwa huzuni, mkate wangu ungezibia tundu la meli. Mwaka huu tangu tutoke bandarini ni sifa tupu. Nikajua mzee huyu anaumwa."

"Punguza sauti."

"Sijapaza. Tangu lini?"

"Daktari amesema itarudi."

"Amesema lini?"

"Februari."

"Hii ni Julai, mzee."

"Keekee ninayo. Macho ninayo. Miaka arobaini na miwili naitazama barafu, Rimma, hata ikiwa imelala naijua."

"Kama macho yangetosha usingekuwa unaitia mdomoni." Akalichukua bakuli. "Mimi kwa nahodha siendi. Wa kwenda ni wewe. Lakini usipokwenda, keshokutwa mimi kwenye barafu yako sishuki. Nyama mtachoma wenyewe, muiunguze."

Hakwenda. Mara mbili alifika mlangoni kwa nahodha, na mara zote mbili alipata shughuli nyingine ya lazima upande wa tezi, nyuma ya meli.

Walifika Ncha siku ya tano saa nne asubuhi, katika ukungu mwembamba. Nahodha Veniamin Lukich, ambaye ujana wake wote alisugua sitaha chini ya amri za Savely, alichagua pande moja pana kama uwanja wa mpira na kuiegesha meli ubavuni mwake. Savely akashuka. Theluji ilimfika vifundoni. Akatoboa, akapima: mita mbili na sentimita themanini. Akaokota kipande cha chini, akakitia mdomoni.

Baridi, basi. Kama kutafuna kioo cha dirisha.

Alikigeuza kuelekea mwanga. Barafu ya zamani ina ubuluu, na hiki kilikuwa na ubuluu, au ulikuwa ukungu; hakuweza kuapa. Akatazama juu. Makoti mekundu yalijaa kwenye reli kutoka omo hadi tezi. Mwongozaji wa watalii alikuwa amewasimulia juu ya ile ishara, na baadhi yao tayari walikuwa wamenyanyua mikono ya kulia nusu, wakimngoja ili wanyanyue pamoja naye.

Juni, safari ya kwanza ya msimu, alinyanyua. Hakuonja kitu, akanyanyua tu, na watu wakacheza kwa muda wa saa nne juu ya barafu na hakuna aliyelowa zaidi ya wale waliotaka. Ndiyo iliyomharibu safari ile. Tangu hapo alijiambia kwamba jicho linatosha. Sasa mkono ulikuwa mwepesi, tayari umefika kiunoni. Akaupeleka kwenye redio.

"Nahodha."

"Sema, Prokopich."

"Nishushie Rimma."

"Rimma yupi?"

"Mpishi."

"Wa nini hapo chini?"

"Ana ulimi. Mimi sina. Tangu Januari."

Redio kumi zilikuwa wazi melini, na zote zilisikia. Kisha nahodha akasema, "Anakuja," akazima.

Rimma alishuka na buti za manyoya, koti limevaliwa juu ya aproni, mikono ingali na unga.

"Nilikuambia mimi hapa sishuki."

"Ndiyo maana nimekuita kabla yao. Usimeze. Iache iyeyuke pembeni mwa ulimi, siyo nchani."

Alifanya alivyoambiwa, kisha akatema kwa nguvu. "Chumvi. Maji ya achari ya matango haya."

"Una hakika?"

"Mzee, nalisha watu mia mbili kwa siku."

Savely akaipeleka keekee hatua tano kando na kutoboa upya, taratibu, akisikiliza kwa viganja. Kwenye mita moja na nusu chuma kikazama ghafla kama kilichoachiwa, na maji meusi yakapanda tunduni. Wakarudi melini.

Ilichukua saa mbili kupata pande lingine. Rimma akaonja, akaonja tena kwa usalama, akasema hii hata kwa jamu ya beri inafaa. Alipounyanyua mkono makoti mekundu yakamshangilia, naye akawapungia kama bibi harusi. Ngazi ikashushwa.

Nahodha alimwita Savely ofisini kwake. Hakumwambia akae.

"Miezi sita na nusu."

"Ndiyo."

"Mtu akiumwa si dhambi, Prokopich. Ungeniambia ningekutafutia kazi ya stoo humuhumu melini." Akanywa chai. "Bado naweza. Umesimama kabla ajali haijatokea, hilo nitaliandika."

Kazi ya stoo. Savely aliiona: ufunguo, rafu za kamba na rangi, kidirisha kidogo cha duara, na nje yake barafu ya Julai ikipita. Alichotakiwa ni kuitikia tu.

"Kuna la Juni," akasema.

"Juni ilikuwa salama."

"Juni nilinyanyua mkono bila kujua kitu."

Nahodha akaweka glasi mezani. "Juni mke wangu alikuwa juu ya barafu ile. Na binti yangu."

"Najua. Nilimshika mkono kwenye ngazi."

Kutoka nje ilisikika muziki wa watalii na mtu akipiga ukelele wa baridi.

"Tukifika Murmansk unashuka," nahodha akasema. "Na simaanishi likizo."

"Nimeelewa."

"Ungelinyamazia. Nani angejua?"

"Mwakani utamshusha mtu mwingine pale chini, utamwamini kwa sababu ni wa siku nyingi. Usimwamini kwa hilo. Mpime kila msimu, kama tunavyopima kamba."

Veniamin Lukich akamsogezea karatasi na kalamu. "Liandike hilo. Yote, pamoja na tarehe. Kwa mkono wako."

Savely akakaa sasa, akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa mtu asiyeandika mara kwa mara, na ukurasa mmoja ulimchukua karibu nusu saa. Akatia sahihi, akavaa glovu, akashuka kwenye ngazi, maana kuwahesabu abiria wanaporudi ni kazi ya serahangi, naye hadi Murmansk alikuwa bado serahangi. Aliwahesabu mmoja mmoja, akiwagusa bega. Walipotimia mia moja na ishirini alimwita mwongozaji, akalinganisha na orodha yake jina kwa jina, ndipo akaamuru ngazi ipandishwe.