Sauti ya Kuanzia

Kichuma hiki cha ncha mbili, kinachogongwa ili kiipe kwaya sauti ya kuanzia wimbo, bado kinanukia mafuta ya nazi ya mikono ya Baba.

Siku ya mashindano kwaya yetu ya Matsangoni ilisimama mbele ya majaji mjini Kilifi, wakulima watupu, wengine na viatu vya kuazima. Baba ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Alikigonga kichuma gotini, akakiweka sikioni. Akakigonga tena. Ukumbi ukaanza kunong'ona.

"Mwalimu, tunakungoja," jaji mmoja akasema.

Baba hakugeuka. Nilikuwa mstari wa mbele, mtoto pekee kati ya watu wazima. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimwamkia shikamoo mara tatu ndipo aitikie marahaba, nami nikidhani ana hasira na mimi.

Akakigonga mara ya tatu. Safari hii akaung'ata mpini wake, akafumba macho, akatulia mpaka mtetemo ukampanda kichwani kupitia mifupa. Kisha akatuimbia "do" kwa sauti ndogo, sawasawa kabisa, na mikono yake ikainuka.

Njiani kurudi aliniinamia. "Mamako asijue."

Sikumwambia.

Leo nimesimama nyuma ya pazia. Okestra nzima imeketi, inaningoja niiongoze. Nimekigonga kichuma mara mbili, nikakiweka sikioni. Msimamizi wa ukumbi ananiambia kitu. Naiona midomo yake ikicheza.

Nakitia kichuma menoni.