Mwalimu Zungusha na Pembetatu Iliyoanguka

Jua halijachangamka bado, na katikati ya uwanja wa shule mwanamke mwenye sketi ya kazini na raba miguuni anatembea kinyumenyume, akivuta kamba iliyofungwa kwenye kigingi. Mwisho wa kamba kuna msumari, na msumari unachora vumbini. Anapofika alipoanzia, duara limekamilika, kubwa kiasi cha kumeza darasa zima.

Anawaweka wanafunzi wawili kwenye ncha mbili za kipenyo, kila mmoja na uzi wake. Msichana mmoja mrefu anaambiwa asimame popote roho yake inapopenda juu ya mstari wa duara, avute nyuzi zote mbili kwake. Mwalimu anachomeka kona ya daftari pale nyuzi zinapokutana. Kona inaingia sawasawa, kama mguu kwenye kiatu chake.

"Sogea," anamwambia.

Msichana anasogea, kona inaingia. Anasogea tena na tena, akitafuta mahali pa kumshinda mwalimu, wenzake wakimshangilia. Hapapati. Popote aendapo, pembe ni ileile: pembe mraba.

"Haya, mmeona," mwalimu anasema akijipangusa vumbi. "Sasa niambieni kwa nini."

Kuona ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine, na hapo ndipo mkate wake ulipo.

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Zungusha. Jina alipewa nyuma ya mgongo, kama walimu wote wanavyopewa, ila lilipomfikia alilipenda, na siku hizi ukimwita hivyo anaitika. Asili yake ni msemo mmoja asiochoka kuurudia: "Ikikushinda, izungushe."

Msemo wenyewe si wake, ni wa mama yake, fundi cherehani ambaye hadi leo anashona japo macho yamepungua. Binti alikua chini ya meza ya kukatia, akiokota vipande. Mama akikosa pa kutoa mkono wa gauni hakugombana na kitambaa. Alikigeuza upande, akakitazama upya, na mkono ukapatikana.

Msemo ulingoja miaka mingi kabla ya kufika darasani. Ulifikishwa na jaribio moja la kawaida, ambamo mwalimu alichora pembetatu ileile waliyoizoea ubaoni, ila safari hii aliisimamisha kwa ncha. Mwanafunzi aliyekuwa akiongoza darasa hakujibu kitu. Pembeni mwa mchoro aliandika kwa heshima zote: "Mwalimu, pembetatu imeanguka."

Chumba cha walimu kilicheka wiki nzima. Naye alicheka, kisha akaacha.

"Mtoto yule hakuwa mjinga," anasema. "Kila pembetatu aliyowahi kuonyeshwa ilikuwa imekaa kitako. Alijua picha, hakujua pembetatu."

Tangu siku hiyo hachori umbo lililokaa vizuri. Michoro yake imelala ubavu, imepinda, mingine iko miguu juu. Kila pembetatu ina kitako, anawaambia, lakini hakuna sheria inayoilazimisha ikikalie. Darasa huangua kicheko, naye huwaacha, maana anajua kilichochekwa hakisahauliki upesi.

Kazi haikuwa ya lelemama. Darasa lina wanafunzi themanini na wawili, na bikari nzima hazifiki kumi. Zaidi ya hapo kulikuwa na wosia ambao wakubwa waliwaachia wadogo, kaka kwa mdogo wake: kwenye mtihani, ruka la duara. Swali hilo ni la kuchagua, na shule nzima ilikuwa haichagui.

Mwaka huu mkuu wa shule hakuzunguka mbuyu. Alimwita akamweleza kwamba wakiliruka tena kwenye mtihani wa majaribio, vipindi vya jiometri vitapewa aljebra, ambako angalau alama zinaonekana. Mwalimu Zungusha aliomba asubiri matokeo. Akatoka mle ofisini, akaenda kutafuta kamba na kigingi.

Siku ya mtihani ilipofika hakuruhusiwa kusimamia somo lake. Alikaa chumba cha walimu, chai ikimpolea mkononi. Maswali yalitungwa na mwalimu wa shule jirani, mtu ambaye huruma, kwenye kutunga, hakujaliwa.

Mtihani haujafika nusu, msimamizi, mwalimu wa historia, akaingia uso umekunjamana.

"Dada, wanafunzi wako wanaibiana," alisema. "Nusu ya chumba wamegeuza karatasi, wanaonyeshana."

Mkuu wa shule alikuwapo, akanyanyuka. Wakaongozana watatu. Mwalimu Zungusha alijua kwamba wizi ukithibitika, si vipindi tu vinavyokwenda, ni darasa zima kufutiwa mtihani.

Mle ndani hapakuwa na aliyemtazama mwenzake. Vichwa vilikuwa vimeinama, na karatasi zilikuwa zikizunguka juu ya madawati polepole, moja huku, nyingine kule. Mtunzi alikuwa amechora duara lenye kipenyo kilichoinama, na pembetatu imesimama kwa ncha. Mkuu alimwinamia msichana wa mbele, yule mrefu wa uwanjani, akamwuliza kwa sauti ya chini anafanya nini.

"Naikalisha, Mwalimu," msichana alijibu bila kunyanyua kichwa. "Sasa nimeiona."

Mkuu akachukua karatasi ya ziada mezani. Akaitazama, akaizungusha kidogo, kisha akaizungusha tena. Akatoka nje akafunga mlango taratibu, na habari ya wizi ikaishia hapo.

"Nilijivuna, sifichi," anasema Mwalimu Zungusha. "Machozi nayo yalinitoka. Mwalimu wa historia akadhani ni mafua, akanipa pole."

Mwaka uliotangulia waliojaribu swali la duara walikuwa tisa. Safari hii walikuwa sitini na saba. Wapo waliolikosa, na majina yao anayo kichwani, lakini anasisitiza kwamba walilikosa wakiwa wameingia ndani, hawakupita nje ya uzio. Vipindi vya jiometri vimebaki palepale kwenye ratiba. Mama yake aliposimuliwa aliuliza tu kama watoto wamekula, kisha akasema, "Si nilikwambia, mwanangu."

Sasa ana mpango. Mvua ikinyesha duara la uwanjani hufutika, kwa hiyo anataka kuchora la kudumu kwenye sakafu ya saruji wanapokusanyika asubuhi. Mkuu wa shule ameahidi rangi, na kigingi kimeshapata shimo lake.

Anapoulizwa kama atachora na kipenyo ndani yake, anatikisa kichwa.

"Hicho sitakichora," anasema. "Nikikichora mimi, watadhani hapo ndipo mahali pake. Kila darasa litakuja na kamba yake, likiweke upande linaotaka."