Kamba ya Samo na Treni Isiyonguruma

Siku hiyo haijanitoka kichwani, mwanangu. Hata leo nikiona mtu amezungusha kamba ya ng'ombe mkononi, moyo hunipasuka. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, na mjuaji kweli kweli. Mimi na Kogo, yaani bibi yangu, tulikuwa tukimpeleka Samo kuogeshwa dawa ya kupe kwenye josho ng'ambo ya reli, hapa Fort Ternan. Samo ndiye ng'ombe pekee tuliyekuwa tukimkamua.

"Usijifunge kamba mkononi," Kogo alinionya tukitoka. "Shika tu."

Nikaizungusha kiganjani, maana Samo alikuwa mkaidi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Miaka hiyo ya tisini watu wa reli walikuwa wakijaribu treni ndogo ya abiria, mabehewa mawili tu, injini ya dizeli chini ya sakafu, ya kuwabeba watu wa vituo vidogo kama sisi. Tuliipenda sana. Lakini masikio yetu yalikuwa yamezoea treni kubwa, ile unayoisikia ikihema mlimani ukiwa bado unakunywa chai. Hii ndogo, ikiteremka, ilikuja kimya.

Samo alifika katikati ya reli akagoma. Nikasikia mvumo hafifu.

"Hiyo iko mbali bado, Kogo."

Ikatokea kwenye kona. Honi ikalia, breki zikapiga mayowe, Samo akaruka, nayo kamba ikanibana. Nilivuta mkono, haukutoka. Niliogopa, mwanangu.

Kogo alikuwa na panga lake la kukatia nepia, majani ya ng'ombe. Akaikata kamba kwa pigo moja, nikaangukia majanini. Samo hakupona.

Dereva alishuka akitetemeka, kijana tu. Nikaanza kumtukana. Kogo akaninyamazisha, akamkalisha chini, akampa kibuyu chetu cha mursik, maziwa ya mgando tuliyobeba ya kunywa kwenye foleni ya josho.

"Kunywa kwanza, kijana. Wewe pia umepona." Kisha akanigeukia. "Samo nitamlilia kesho. Leo wewe uko."

Kijana akanywa. Hakujua kwamba maziwa hayo yalikuwa ya Samo.

Mwanangu, mazoea yana taabu. Kitu kipya hakiji kwa sauti ya kile cha zamani; hata ukikipenda, jifunze kwanza kinavyokuja. Na chochote unachokiongoza, kishike kwa mkono unaoweza kufunguka. Mungu akuvushe salama kila njia, na siku kamba ikikubana, usikose wa kuikata.