Samli ya Puani

Mpaka leo, nikinusa kitunguu saumu ndani ya samli iliyochacha, tumbo hunipanda kooni. Chekeni tu, ila hamkutiwa puani nyinyi.

Nilikuwa mtoto mdogo, Kaole, enzi zile misafara ya pembe ikiteremka Bagamoyo. Homa ilinishika, ile ile iliyokwisha kumchukua kaka yangu. Shubiri, kombe la aya zilizooshwa sahanini, maji ya tangawizi, kila nilichonyweshwa kilirudi kikanimwagikia kifuani. Mama alishaanza kile kilio cha chini kwa chini alichomlilia kaka.

"Mlango umekataa," akasema bibi. "Tupite dirishani."

Dirisha lilikuwa pua yangu, nayo imeziba kwa kamasi nzito za kijani. Na bibi huyu, Kaole nzima ilimjua kwa kinyaa chake. Kata yake ya kuchotea maji hakuigusa mtu. Inzi akitua ukingoni tu, aliisugua kwa mchanga na ndimu.

"Mshike mke mwenzangu," akamwambia shangazi, akinitania mimi mjukuu wake. "Ana meno huyo!"

Shangazi akanikalia miguuni. Bibi akainama, akaifunika pua yangu kwa mdomo wake, akafyonza. Nilihisi kamasi zikichomoka kutoka nyuma ya macho. Akatema jivuni, akafyonza tena. Kisha akanitia puani bua la jani la mpapai na kunidondoshea samli ya vuguvugu, yenye kitunguu na habasoda. Iliteleza kama konokono, ikachoma, ikashuka kooni na ladha ya panya aliyefia darini. Nikapiga chafya, uso wote wa bibi ukalowa.

"Ahsante kwa marashi, mke mwenzangu," akasema, akaongeza matone.

Nilipotulia, akatoka mbio. Nikamsikia nyuma ya nyumba akitapika, akitapika, kama anayetaka kujitoa utumbo. Nikajua homa yangu imemhamia, na Mungu anisamehe, nilifurahi: naye aonje. Akarudi macho mekundu, akachota maji kwa kata yake, akaniwekea mdomoni. Nikanywa. Hayakurudi.

Miaka mingi baadaye mwanangu aliziba pua hata kunyonya hawezi. Nikainama, nikafyonza, nikamweka titini. Alipoanza kunyonya, nikakimbilia nyuma ya nyumba kutapika.

Pale ukutani, nimejishika magoti, ndipo nilipomwelewa bibi. Homa haikumhamia kamwe. Kinyaa chake alikuwa nacho chote siku ile. Alikiambia tu kimngoje nje.