Siku Niliyochora Sentensi Mpaka Ukutani

Jambo hili sikuwahi kumwambia hata mke wangu, na kama si nyinyi kunichokoza leo ningezeeka nalo, kwa sababu aibu yenyewe ilinipata mbele ya wasichana thelathini na wanane, hedimasta na inspekta wa shule, wote macho wazi.

Ilikuwa miaka ya sabini, nafundisha Kiingereza katika sekondari ndogo ya wasichana upande wa Kiganjo, na inspekta alikuwa anakuja kuamua kama nitathibitishwa kazini au nitarudi kwetu Kiriaini kuchuma chai. Sasa, likizo iliyotangulia nilikuwa nimeenda kozi, tukafundishwa kuchora sentensi kama mti uliopinduliwa (shina juu, matawi yananing'inia chini), kushoto unaweka mtendaji na maneno yake, kulia kitenzi na maneno yake, mpaka kila neno lipate tawi. Niliupenda huo mti kupita kiasi. Nilikuwa nimeandaa sentensi fupi ya paka na maziwa, lakini nilipomwona inspekta ameketi nyuma na daftari lake, nikaona paka ni wa watoto, nikaliambia darasa, "Haya, nipeni sentensi yoyote."

Zainabu, msichana mpole wa Majengo, akasimama, akaanza polepole: "The old woman who sells mandazi near the mosque in Majengo every morning before the shops open…" Yaani, yule mama mzee anayeuza mandazi karibu na msikiti wa Majengo kila asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa. Akavuta pumzi. Mimi nikadhani amemaliza (nani angetaka zaidi ya hapo?), nikamgeuzia mgongo nikaanza kuchora.

"Mwalimu…"

"Keti, Zainabu. Angalia ubao."

Mama mzee akapata tawi lake, mandazi yakapata, msikiti ukapata, na nilipofika kwa maduka ubao ukaisha. Mtu mwenye akili angefuta aanze upya. Mimi nikashuka na chaki ukutani, ukuta uliopakwa rangi Jumamosi kwa heshima ya huyo huyo mgeni, nikasikia hedimasta anakohoa, nikadhani ni kifua, nikapiga magoti nikaendelea mpaka karibu na sakafu. Zainabu aliinua mkono mara mbili. Mara mbili nilimwonyesha kiganja.

Nikasimama, nikapangusa magoti, nikarudi nyuma kidogo kuutazama mti wangu. Kushoto, msitu mzima. Kulia, tawi moja tupu. Kitenzi hakipo. Kile cha kuuza kilikuwa cha kumtambulisha mama mzee tu, kile cha kufungua kilikuwa cha maduka, na sentensi yenyewe haikuwa na chake.

"Mwalimu," inspekta akauliza, "na hii tawi ya kulia iko na nini?"

"Iko… inakuja, sir."

"Inatoka wapi?"

Safari hii Zainabu hakungoja ruhusa. "Mwalimu, sikuwa nimemaliza sentensi."

"Basi maliza," inspekta akamwambia.

"…brought me up."

Ndiye aliyenilea. Alilisema akiangalia dawati lake, na hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilinichoma kuliko kicheko. Inspekta akaweka kalamu chini. "Andika, mwalimu." Nikayaandika yale maneno matatu kwenye tawi tupu, na hapo ndipo hedimasta akauliza, "Na hiyo ukuta, ni nani atapaka?" Darasa zima likaangua kicheko.

Sikuthibitishwa mwaka ule. Ripoti ilisema somo nalijua ila wanafunzi siwasikilizi, na sikuwa na la kubisha. Ukuta niliupaka mwenyewe, mara mbili, kwa sababu chaki ilikuwa imeshika. Jumatatu nikamwomba Zainabu msamaha mbele ya wenzake, akasema, "Si kitu, mwalimu," kwa sauti ya mtu anayejua kabisa kwamba ni kitu. Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, na sijamwambia tena mtoto aketi kabla ya kumuuliza kama amemaliza.