Kwale Wanne wa Shangazi Effie

Kijijini kwetu, kando ya Mto Peel, kaskazini kabisa kwenye barafu, shangazi Effie ndiye peke yake aliyetoka kila Desemba kwa ile hesabu ya ndege ya nchi nzima, baridi ikikaza hadi mate yanaganda kabla hayajafika chini. Sisi wengine tulimhesabu yeye kupitia dirishani: ameondoka, amerudi, bado mzima.

Matokeo yake hayakuhitaji miwani. Kunguru. Mwaka uliofuata, kunguru. Wakubwa wa hesabu kule kusini wakatuonya: eneo linaloleta aina moja tu ya ndege miaka mitatu mfululizo linafutwa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na shangazi akaapa kwamba kijiji chake hakifutwi na mtu anayevaa soksi nyembamba.

Siku yenyewe akapata kunguru kumi na tisa jalalani. Kisha, kwenye vichaka vya mtoni, kwale wa theluji wanne, weupe pe, wamejikunyata. Akawahesabu. Akawahesabu tena. Halafu akawapiga risasi, maana ulikuwa wakati wa chakula na yeye si mpumbavu.

Januari mratibu wa hesabu, kijana aitwaye Desmond, akapiga simu. Shangazi akafungua spika ili sote tuliojaa jikoni kwake tusikie.

"Bi Effie, kuhusu hao kwale... kwenye fomu yako ya hesabu umeandika 'watamu'."

"Walikuwa watamu. Ulitaka niseme uongo?"

"Sisi tunahesabu ndege hai."

"Kwani mimi niliwahesabu kwenye sufuria? Walikuwa wananikodolea macho!"

"Lakini sasa hawapo."

"Sikia, mwanangu. Marehemu mume wangu alihesabiwa kwenye sensa, akafa wiki ileile. Sijaona mtu akija kumfuta."

Binamu Wilbert akapaliwa na chai.

"Basi nitumie ushahidi, hata picha," Desmond akasihi.

"Nina mabawa manane, nafagilia majivu ya jiko. Nikufungashie?"

"Bi Effie, nikikubali hili wenzangu watanicheka. Itabidi upande wa kwale niandike sifuri. Na eneo lenu litafutwa."

"Futa! Ukimaliza, waarifu na kunguru, mimi namba yao sina."

Akakata. Hakutuangalia. Akavaa koti, akaenda zake kwenye redio ya kijiji, inayotangaza bingo na mbwa waliopotea, akasoma matokeo mwenyewe: "Kunguru, kumi na tisa. Kwale, wanne. Mratibu, mmoja, amesikika tu, hakuonekana."

Desemba iliyofuata hatukuwa kwenye ramani ya mtu yeyote. Tukamfuata shangazi kuhesabu ndege, watu ishirini na sita, na pikipiki za theluji, na mbwa, na chupa za chai, Wilbert akiimba kwa sauti yake ya shoka. Tulitimua kila chenye mabawa. Shangazi alitutukana njia nzima, kisha akaenda redioni.

"Kunguru, wawili. Wajinga, ishirini na sita. Mwakani tunatoka tena, na Wilbert atafungwa mdomo."