Siku Mama Alipomwacha Dume Mmoja

Sisi tuliokulia Waithaka, pembeni mwa Nairobi, zamani, wakati karibu kila ploti ilikuwa na banda nyuma ya nyumba, tuliijua Jumamosi kwa harufu: sabuni ya kufulia, viazi vya kuchoma, na nguruwe wa Mama waliolishwa masalia ya hoteli za mjini. Tulicheza bladaa na kati, michezo ya kuruka kamba na kukwepa mpira, kichochoroni mpaka tuitwe mara tatu.

Siku ya kuhasi hatukucheza. Jirani yetu, Baba Wanjiru, alikuja na wembe mpya na chupa ya spiriti. Mama aliwashika watoto madume wa nguruwe kwa miguu ya nyuma, vichwa chini, na mayowe yao yalifika barabarani. Wenzetu waliziba masikio. Dada yangu Nekesa alisogea karibu.

“Mama, kwani wanakatwa kwa nini?”

“Dume asipohasiwa nyama yake hunuka mkojo. Wateja watahama.”

“Nani alijaribu kumwacha mmoja?”

Baba Wanjiru akacheka. “Huyu atakuwa wakili.”

Mama hakucheka. Alimtazama mtoto wa nguruwe wa mwisho, akamrudisha chini. “Huyu mwacheni, tuone.”

Dume huyo akakua na shingo nene na hasira, akiwauma wenzake masikio hadi akatengwa. Alipochinjwa, Mama alikaanga kipande. Nyumba ilinuka mkojo hadi tukakimbilia nje na ugali mtupu.

“Uliuliza,” Mama akamwambia Nekesa kwa upole. “Sasa nusa.”

Nekesa akanusa. “Sawa, wakatwe. Lakini ni lazima waumie?”

Mama alifunga leso, akaenda kumtafuta daktari wa mifugo. Uzao uliofuata, watoto walichomwa sindano ya ganzi kabla ya kukatwa, wangali wachanga kabisa. Tulijazana mlangoni tukingoja mayowe. Wa kwanza aliguna tu, akarudi kunyonya.

“Kumbe,” akasema Baba Wanjiru.

Leo banda ni vyumba vya kupangisha, nami nafanya kazi ofisini, Upper Hill. Wanangu wanamjua nguruwe kama soseji. Ukiwauliza ametoka wapi, watasema supamaketi. Ukiwabana, wataiuliza simu, nayo itawajibu kabla hawajamaliza kushangaa. Wanajua mengi kuliko sisi. Ila sijawahi kuwaona wakikaa na swali moja mpaka mnyama akue.